Tusi la Mizanini

Merigi, 3 Februari 1974

Kwa mke wangu mdogo Mokeira,

Nakusalimu sana, tena sana, na ukifika mwisho wa sana ongeza nyingine. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limestaafu kabla ya mwenyewe. Huku jua ni kali tangu Krismasi, majani ya chai yamejikunja kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama ni dume, kwa hiyo hatuongei sana mimi na yeye. Mama yako alikuja Jumapili kutoka Kaplong na kibuyu cha maziwa. Akanifulia blanketi, akanisomea Biblia, akaniombea nusu saa nzima, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa ilikuwa juu ya ulimi wangu. Wamuyu wa duka, yule anayetupokelea barua, anauliza kama wanaume wa Nairobi wana macho. Nimemwambia usiwe na wasiwasi, huyo ana mume tayari, na mume ndiye unayemwona.

Sasa tuje kwa neno lenyewe. Nimepata barua ya bwana mkubwa wako wa kiwanda cha vitabu, Zacheus Nganga. Anasema daftari zangu tano za maisha yangu katika mashamba ya chai zimempendeza, na anataka kuzifanya kitabu. Hapo nilisoma mara tatu. Mara ya nne nilimwita Wamuyu asome yeye, nisikie kwa sikio la nje. Lakini huko chini ameandika kwamba kitabu kitatoka iwapo lugha chafu itaondolewa, na kazi ya kuiondoa ni yako kwa sababu wewe ndiye unayepiga taipu.

Lugha chafu! Mokeira, mimi nilioga kabla ya kuandika.

Niambie, mke wangu. Nyapara alikuwa anatuamsha saa kumi na moja alfajiri kwa kupiga mlango teke na kututaja sisi na mama zetu na viungo vya mama zetu. Bwana Nganga anataka niandike alisema nini? "Amkeni wapendwa, ndege wanaimba"? Watu waliofanya kazi nami wengine bado wako hai. Watasoma hapo waseme Gichana amerogwa.

Mimi nilifika darasa la tatu, nikatoka kwa mlango na mwalimu akashukuru. Labda kuna kitu sijui. Nieleze polepole.

Ni mimi mume wako,
Gichana, mwenye meno sita


Nairobi, 24 Februari 1974

Kwa mume wangu mwenye meno sita,

Shikamoo Babu, na goti pia nalisalimu. Mimi ni mzima. Chumba ninachopanga kina dirisha sasa, fundi alikuja. Kazini niko sawa, ila mashine yangu inaruka herufi ya "m", kwa hiyo jina langu nalimalizia kwa kalamu.

Babu, nimepiga taipu daftari mbili na nimecheka mpaka wenzangu wamekuja kuangalia. Bwana Nganga naye anakupenda. Alisema, "Huyu mzee anaandika kama mtu anayecheka huku amebeba gunia." Lakini anataka kitabu kisomwe shuleni, na walimu wakuu wakikuta matusi watakirudisha hata kabla ya kufungua bahasha ya pili. Anasema hatafuti kukufanya mlokole. Anapendekeza tuweke vitone mahali pa tusi. Herufi ya kwanza, kisha vitone.

Hiyo ni sababu yake. Mimi nina yangu, na nisipokuambia mimi hakuna mwingine atakayekuambia.

Mimi na wewe tunaruhusiwa. Mjukuu na babu ni watu wa mzaha, unaniita mke nakuita mume, na hakuna neno linaloweza kutuvunjia heshima. Lakini Mama ni mtoto wako. Kati yenu kuna chinsoni, ile aibu ya heshima ya mzazi na mtoto ambayo wewe mwenyewe ulinifundisha. Babu, tangu nizaliwe sijakusikia ukitamka "paja" mbele ya Mama, hata kama ni la kuku. Unasema "nipe ile ya chini." Sasa unaandika haya yote, halafu yanachapishwa. Jikoni unaweza kumngoja Mama atoke ndipo useme. Kitabu kitamngoja nani atoke?

Nitakuja nyumbani Pasaka na karatasi nilizopiga, tukae tuzipitie. Mwambie Wamuyu wanaume wa Nairobi macho wanayo, shida ni wanaangalia viatu.

Mjukuu wako na mkeo,
Mokeira


Merigi, 17 Machi 1974

Kwa Mokeira mpenzi wa mwenye meno matano (moja limetoka na mahindi),

Salamu nyingi. Mvua imekuja Jumanne, kubwa, na kiwanda cha Mogogosiek kinanguruma mchana kutwa, watu wanachuma mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mama yako ni mzima, alileta maziwa, aliomba.

Hayo ya chinsoni nimeyasikia. Nitayajibu mwisho kwa sababu ndiyo yananiuma. Kwanza vitone.

Niliona nisibishe kwa mdomo mtupu. Nilichukua ukurasa mmoja, nikaweka vitone kama anavyotaka Bwana Nganga, nikawaita rafiki zangu wawili, Mosoti na Kebaso, wazee wenzangu unaowajua. Nikawasomea: "Nyapara akasema, toka hapa wewe m vitone." Mosoti akauliza, "M vitone ni nini?"

Nikamwambia, "Jaza mwenyewe."

Mokeira, yule mzee ni shemasi! Alitoa neno ambalo mimi sijalisikia tangu vita vya Wajerumani. Kebaso akasema hapana, hilo ni dogo, akatoa lingine lenye mama na mbuzi ndani yake. Wakaanza kushindana. Wamuyu akatoka dukani na ufagio, akasema, "Nyinyi wazee, wateja wangu wanakimbia!" Na tusi lenyewe, lile la kweli lililosemwa na nyapara, lilikuwa "mjinga" tu.

Mwambie bwana wako hivyo. Akiweka vitone, kila mtoto wa shule atachimba shimo aweke uchafu wake humo, na jina la juu ya kitabu litakuwa langu.

Lakini mimi si mtu mgumu. Nimepitia daftari zote na kalamu nyekundu. "Mbwa" toa. Yale ya mama zetu, toa yote, andika "alitutukana vibaya" na wakubwa wataelewa. Yale ya mzungu alipokalia siafu, hayo nimeyatoa kwa machozi. Yamebaki mawili, na yote yako ukurasa mmoja, siku ya mizani. Hayo sitoi. Unakumbuka nilivyoandika:

"Nyapara Ogari akamwaga kikapu cha mke wangu Yunia chini penye mizani. Akasema haya si majani, ni takataka, leo hapimiwi. Akaniambia, Gichana, mwambie mbwa wako jike akachume upya. Yunia alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa amechuma tangu jua halijatoka. Nikamwangalia Ogari usoni nikamwambia: Mavi yako. Mavi yako na ya mzungu aliyekupa hiyo kofia. Jioni hiyo tukafukuzwa kambini, na siku ya tatu tukiwa njiani kwa miguu, mvua ikinyesha, Yunia akajifungua mtoto wa kike kando ya barabara."

Hapo "mbwa" abaki na "mavi" yabaki. Uking'oa hayo, msomaji atajiuliza watu hawa walifukuzwa kwa nini, mpaka mtoto akazaliwa barabarani kama ndama. Na mtoto huyo unamjua, ndiye anayenifulia blanketi.

Kuhusu mama yako kulisoma neno hilo: hatalisoma. Yeye husoma Biblia na karatasi za maziwa tu. Usimpe.

Njoo Pasaka. Nitachinja jogoo nikupe ile ya chini.

Mumeo,
Gichana


Nairobi, 12 Mei 1974

Kwa Babu,

Natumaini u mzima. Mimi pia. Nisamehe sikufika Merigi wakati wa Pasaka, nilifika Kaplong kwa Mama siku mbili tu kisha nikarudi kwa sababu ya kazi. Mvua huku ni nyingi.

Bwana Nganga amekubali hoja yako ya vitone. Alicheka sana kuhusu shemasi. Sasa anasema matusi yote yaliyobaki yatolewe kabisa, bila vitone.

Babu, naomba na mimi. Ule ukurasa wa mizani, huwezi kuandika tu "nikamjibu vibaya"? Ni neno moja. Nakuomba.

Mokeira


Merigi, 2 Juni 1974

Kwa Mokeira,

Salamu. Barua yako imefika, ni fupi kama sketi za huko Nairobi, na kama hizo sketi inaonyesha kuna kitu kinajificha vibaya.

Hujaniita mume. Hujauliza goti. Umekuja Kaplong siku mbili na hapa hujakanyaga, na jogoo nilikuwa nimemfunga mguu tayari. Nimemfungua. Ananidharau.

Halafu kuna hili. Mama yako Drusilla hajaja tangu Pasaka. Jumapili ya kwanza nilisema ni mvua. Ya pili nikasema ng'ombe anaumwa. Sasa ni nane. Maziwa yanaletwa na mwenye punda, anasema "Drusilla amesema chukua," basi, hakuna salamu. Nimemtuma Wamuyu amuulize siku ya soko, akarudi akaniambia, "Mzee, binti yako alinunua uzi kwangu, akasema wewe ni mzima kuliko unavyostahili." Blanketi langu sasa linasimama lenyewe.

Mimi ni mzee. Nikikosa mtu wa kuniombea nusu saa, nani atamkumbusha Mungu kwamba niko huku nyuma ya mlima? Kama kuna kitu unajua, sema. Usiniambie kuhusu mvua ya Nairobi.

Gichana


Nairobi, 19 Juni 1974

Babu yangu, mume wangu,

Goti linaendeleaje? Nauliza kweli.

Ni kosa langu. Pasaka nilifika Kaplong na karatasi zote kwenye mfuko. Nilizitoa nizipange mezani, nikaenda kuteka maji. Kumbe pale mferejini palikuwa na watu wengi, nikachelewa. Niliporudi, Mama alikuwa amekaa na ukurasa wa mizani mkononi. Babu, anasoma kila kitu. Anasoma haraka kuliko mimi.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Haya ni maneno ya baba?" Nikasema ndiyo. Akaweka karatasi chini kama kitu cha moto na kwenda kunawa mikono. Usiku akaniambia hivi, naandika kama alivyosema:

"Mama aliniambia nilizaliwa barabarani kwa sababu kazi ilikwisha. Miaka yote nilijua ni hivyo. Kumbe kazi haikuisha, ni mdomo wa mtu mmoja. Mama yangu, na tumbo lile, akatembea siku tatu kwa mvua kwa sababu mzee hakuweza kufunga mdomo. Na mama hakuwahi kumlaumu hata siku moja. Mama hakuwahi kutamka neno baya maisha yake yote. Aliishi na mtu huyo akanyamaza. Na sasa mtu huyo anajisifu kitabuni."

Ndiyo sababu hakuja. Hasira yake si kwa neno peke yake, ingawa neno lilimwaibisha sana, neno la baba yake limeandikwa mbele ya macho yake. Hasira yake ni kwa ajili ya Nyanya.

Sikuja Merigi kwa sababu sikujua nitakuangalia vipi. Niliogopa pia kwamba nakubaliana na Mama kidogo. Nilipokuwa nikipiga ule ukurasa nilikuwa nashangilia. Sasa nikiusoma naona mwanamke mwenye mimba akitembea.

Nisamehe kwa mambo yote mawili.

Mokeira wako


Merigi, 14 Julai 1974

Kwa mke wangu mdogo, wa pekee aliyebaki,

Nilianza barua hii mara nne. Tatu nimewashia moto. Salamu unazijua, goti unalijua, Mosoti amepata homa lakini bado anatukana vizuri.

Nitakuambia jambo ambalo hakuna mtu aliye hai analijua, na nakuambia wewe kwa sababu wewe ni mjukuu na mimi na wewe tunaruhusiwa.

Tusi lile si langu.

Siku ile mimi nilikuwa nimevua kofia. Ogari alipomwaga kikapu nilisema, "Ndiyo, nyapara." Aliposema lile la mbwa jike nilisema tena, "Ndiyo, nyapara," na nikapiga magoti nikaanza kuokota majani yale chini, moja moja, nikiyapangusa. Niko hapo chini nikasikia sauti juu ya kichwa changu. Haikuwa kubwa. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani. "Mavi yako. Mavi yako na ya mzungu aliyekupa hiyo kofia." Karani akaacha kuandika. Wanawake wote kwenye mstari wakaangalia miguu yao.

Ni nyanya yako Yunia, Mokeira. Na mama yako tumboni.

Sasa sikia kwa nini nililibeba. Ogari alikuwa mtu wa kwetu, wa kilima kimoja na kina Yunia, alitahiriwa mwaka mmoja na baba yake. Kwa hiyo kwa desturi yetu ni baba yake. Binti kumwambia baba yake neno kama lile, kwa lugha yetu, mbele ya watu! Wewe umesoma, unaona ni neno la choo. Kwetu ilikuwa kama amevua nguo. Wangemrudisha kwao, wazee wangemkalisha katikati, na hakuna mtu angekula chakula cha mkono wake mpaka asafishwe, na hata baada ya hapo wangesema yule ndiye asiye na haya. Na mimba ya miezi minane.

Wazee wa kambi walipotuita jioni, nilisimama kabla hajasimama. Nikasema, "Ni mimi niliyesema." Ogari aliniangalia. Nilifikiri atakataa. Akasema, "Ndiyo, ni huyu." Alikuwa anataka hivyo hata kuliko mimi, maana afadhali atukanwe na mwanamume kuliko na msichana wa kumzaa. Wale wanawake wa mstari hawakusema kitu, wala siku ile wala siku nyingine. Wamekufa nayo.

Mpaka hapo nilikuwa mtu mzuri kidogo. Ubaya ulikuja baadaye. Kila mahali tulipopata kazi, sifa ilikuwa imefika. "Huyu ndiye Gichana aliyemwambia nyapara mavi yake!" Wakanipa kiti, wakanipa busaa. Nikaanza kuisimulia mwenyewe. Nikaongeza jinsi nilivyosimama. Miaka arobaini nimekunywa pombe ya tusi lisilo langu, mpaka siku nilipoliandika nilikuwa karibu kuamini. Yunia alikuwa anasikia kutoka jikoni. Mara moja tu nilimuuliza kama anakasirika. Akasema, "Kunywa. Ila siku ile uliokota majani vizuri." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi ndiyo hiyo. Sasa fanya hivi. Toa ukurasa ule wote. Toa mizani, toa Ogari, andika kazi ilikwisha tukaondoka, kama Yunia alivyomwambia mtoto wake. Sitaki tena kubishana na Bwana Nganga. Nilikuwa nashikilia neno lile kwa kiburi, nalo si mali yangu.

Na kwa Drusilla usiseme kitu. Anataka mama yake awe mtu ambaye hakutamka neno baya. Mwache awe hivyo. Mimi anichukie tu, nina ngozi ya kuchukiwa. Ila mwombe aje siku moja moja.

Gichana


Nairobi, 4 Agosti 1974

Mume wangu,

Nimekusoma na nimelia kwenye choo cha ofisi, mahali panapofaa neno lenyewe.

Sitatoa ukurasa. Najua ni mimi niliyekuomba uutoe, mwezi wa tano, na unaweza kunicheka. Nimeupiga upya kama ulivyosema kwenye barua yako, na kofia uliyovua, na majani uliyookota, na sauti juu ya kichwa chako. Sikubadilisha kitu. Nikampelekea Bwana Nganga bila kumwambia neno.

Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Hii ni kweli?" Nikasema ni nyanya yangu. Akakaa. Akasema, "Yale mengine yatoke kama mlivyopatana. Ukurasa huu ukae ulivyo, na walimu wakuu nitaongea nao mimi. Lakini nataka barua ya mama yako kwamba amekubali. Huyu ni mama yake, na mimi sitaki kumchapisha mama wa mtu bila yeye kujua."

Sasa ona shida, Babu. Nani atamwambia? Wewe huwezi, ni binti yako. Mimi siwezi, ni mama yangu, na hata nikifumba macho ulimi utakataa. Kumwachia tena karatasi mezani ni uoga, nilishafanya bila kukusudia na umeona.

Kwa hiyo nimefanya jambo na usinichape. Ukurasa nimeuweka ndani ya bahasha, nikautuma kwa Wamuyu. Yeye si wa kwetu, hana chinsoni na yeyote kati yetu, na ni wa rika moja na Mama. Nimemwomba amsomee.

Umesema Mama anataka nyanya ambaye hakutamka neno baya. Labda. Lakini sijawahi kusikia mtu akimuuliza.

Naogopa. Niandikie haraka.

Mokeira


Merigi, 27 Agosti 1974

Kwa Mokeira, mwanamke mwenye kichwa kigumu, ambaye ningemwoa hata kama hakuna desturi,

Niko mzima. Ulipoandika kwamba umempa Wamuyu nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda dukani kumnyang'anya bahasha, nikakuta duka limefungwa. Alikuwa ameshakwenda Kaplong.

Alinisimulia hivi. Alimkuta mama yako zizini anakamua. Akasema, "Mama Mokeira, nina karatasi yako. Nimeambiwa nisome kwa sauti na wewe usinikatize."

Mama yako akasema, "Kama ni ile ya baba, rudi nayo."

"Si ya baba yako. Ni ya mama yako. Endelea kukamua, mimi nasoma."

Akasoma. Unamjua Wamuyu, hana sauti ya chini, na Kiswahili chake kinapita kama lori kwenye mawe. Alipofika penye neno alilisema lote, mara mbili kama lilivyoandikwa. Anasema mikono ya mama yako ilisimama. Ng'ombe akageuka kuangalia kuna nini. Wamuyu akamaliza, akakunja karatasi. Mama yako, akiwa bado ameweka kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, akasema, "Soma tena kutoka pale alipopiga magoti." Wamuyu akasoma tena. Akaambiwa, "Tena." Mara ya tatu ndoo ilipigwa teke na maziwa yote yakaenda, na mama yako hakuyaangalia.

Jumapili alikuja. Nilimwona kwenye njia ya chini nikaingia ndani, mtu mzima nikajificha nyuma ya mlango wangu mwenyewe. Akakaa kwenye kigogo nje, uso kwa shamba, mgongo kwangu, kama inavyofaa. Mimi nikavuta kiti nikakaa ndani ya kizingiti. Tukaongea hivyo, yeye na majani ya chai, mimi na mgongo wake.

Akasema, "Baba."

Nikasema, "Naam."

"Siku ile, majani uliyaokota yote?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine, Mokeira. Nikamwambia, "Sikumaliza. Yalibaki machache."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa tumboni. Umegeuka tayari, kichwa chini."

Kisha akasema, "Mama alikuwa ananiambia ninyamaze. Maisha yake yote. Mume akisema, nyamaza. Mwalimu akisema, nyamaza. Nilifikiri hajui kitu kingine." Nikaona mabega yanatikisika, nikafikiri analia. Sikujua nifanye nini, maana siwezi kumshika. Kumbe ni kicheko. Mama yako! Alicheka mpaka akaegemea ukuta kwa mkono mmoja, na kicheko hicho mimi nakijua ni cha nani. Baadaye akalia pia, lakini baadaye.

Nikajitia nguvu nikasema, "Yule bwana wa vitabu anataka barua yako. Kuhusu ukurasa. Kuhusu lile neno."

Akageuka nusu. "Neno gani, Baba?"

"Lile."

"Mimi sijasikia neno lolote," akasema mama yako, na akafunga kitambaa chake vizuri. "Hakuna mtu aliyenisomea neno. Lakini mwambie Mokeira waandike jina lake lote, Yunia Kerubo binti Omwenga, wasiandike nusu. Na hilo neno nisilolijua, mtu asiliguse."

Akachukua blanketi langu akaenda nalo mtoni. Barua yake iko humu ndani, imefungwa. Sijaifungua, kwa sababu ni ya mtoto wangu.

Mumeo,
Gichana